Matiko

Pini ilikuwa ya winchi ya tagi, pale Kilindini,
urefu wa shibiri, unene wa kidole gumba cha mpagazi,
na mwenyewe aliitaka Jumatano, si Alhamisi.
Niliikereza siku nzima,
nikaacha unyuzi wa ziada kwa ajili ya jiwe la kusagia,
maana chuma kikipita motoni hurudi kimebadilika kidogo,
kama mtu aliyetoka safari na neno moyoni.

Fundi Shebwana haamini kipimo cha tanuri.
Anaamini sumaku iliyofungwa kwenye waya:
chuma kikiwa chekundu cha mabuyu, sumaku hushika;
kikifika wekundu wa basibasi, sumaku hukataa,
huning'inia tu, kana kwamba hawajawahi kujuana.
"Hesabu sasa. Polepole. Usihesabu kama mwenye njaa."
Nikahesabu mia sita.
Kisha koleo, kisha pipa la mafuta,
wima, Mishi, wima, ukiilaza itapinda!
na ule mlio, si wa maji, mzito zaidi,
na moshi uliotuliza sote wawili bila msiba.

Nikapitisha tupa. Ikateleza kama juu ya kioo.
Hapo ndipo wasiojua hunawa mikono.

Mwezi wa Rajabu tulinawa.
Pini iliyotangulia tuliiacha mezani, imeshiba matiko,
tukasema tutaituliza kesho.
Usiku Mwakombo, mlinzi, akasikia *tik* moja,
akadhani panya.
Asubuhi ufa ulikwenda toka ncha hata ncha,
mwembamba kama unywele wa mtoto.

Sasa saa kumi na moja jioni, stima ikapotea Majengo nzima.
Oveni yetu ya kutulizia ni ya stima.
"Jiko la makaa?" nikasema.
"Makaa yana hasira. Huku yachoma, huku yasahau."
Akautazama ukuta.

Nyuma ya ukuta ule ni tanuri la Salmini, mwoka bofulo,
linalokula kuni tangu magharibi, moto wake umetandaa kama mkeka.
Miaka miwili hawapeani salamu,
tangu moshi wa mafuta yetu uingie katika unga wake
na yakasemwa yale ambayo kinywa hakiyapokei tena.

Shebwana akaifunga pini kwa kitambaa safi, akaishika kama yai.

"Hodi."
Ndani, mtu alikuwa akiponda unga. Akaacha kuponda.
"Hodi," mara ya pili, chini zaidi.
Nilisikia kuni zikilia.
"Karibu."
Kavu, lakini karibu.

Salmini akaipima mkononi.
"Moto gani?"
"Wa bofulo."
"Muda?"
"Saa mbili."
"Bofulo haikai saa mbili."
"Hii ikae."

Akaisukuma nyuma kabisa kwa pauro, kando ya sinia.
Tukakalia magunia ya ngano. Wakazungumza bei ya unga,
kisha mgongo wa Salmini, kisha wakanyamaza,
na mimi nikachungulia ule mstari niliousugua kwa msasa:
mweupe, mweupe, mweupe bado,
halafu manjano ikaja, bila haraka,
ikakaa kwenye rangi ya ganda la mkate.
"Toa," wakasema wote wawili.

Asubuhi mikromita ikasema imepinda sehemu tatu kwa mia ya milimita.
Nilikuwa nimeacha kumi. Jiwe likala, likaniachia kipimo.
Nikaipaka mafuta mbio, chumvi ya hewa yetu haingoji mtu.

Bwana wa tagi akasoma hati ya malipo, kidole kikishuka:
pini moja, kukereza, matiko, kusaga, mikate minne.
"Mikate?"
Shebwana akapangusa miwani.
"Ndiyo," akasema. "Minne."